SUMU YA MBAO ZA GUNDI IZUIWE KIWANDANI

Ndugu Wanachama,

Karatasi hii imezoea kusema juu ya mishahara, likizo, nyumba na saa za kazi. Leo twasema juu ya kabati, kitanda na dari ya nyumba. Wako watakaouliza, "Chama cha wafanya kazi kina habari gani na kabati la mtu?" Twajibu kwamba kina habari kubwa. Shilingi tunayoipigania mezani kwa mwajiri ndiyo inayokwenda kununua kabati hilo, na kama kabati linatoa sumu katika chumba anamolala mtoto, basi tumepigania nyongeza ili tununue ugonjwa. Tena mbao za kabati hilo zilikatwa na mfanya kazi, zikabebwa na mfanya kazi, zikapigwa msumari na mfanya kazi. Kabla sumu haijafika kwa mnunuzi imekwisha kupita puani mwa wenzetu.

JAMBO LENYEWE

Mbao nyingi zinazouzwa siku hizi hazikupasuliwa katika gogo. Chipubodi ni vipande vidogo vya mti vilivyoshindiliwa pamoja. MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa, halafu zikagandamizwa kwa nguvu na moto. Plaiwudi ni maganda membamba ya mti yaliyobandikwa moja juu ya jingine. Hatuzidharau mbao hizi. Zinatumia mabaki ya mashine ambayo yangetupwa, na mtu wa mshahara mdogo hupata meza kwa bei anayoiweza. Serikali iliposimamisha kukata miti katika misitu ya umma mwaka 2018, mbao za kupasua zilipanda bei, na mtu wa kawaida akazidi kusukumwa kwenye mbao za gundi.

Shida imo katika gundi. Gundi inayopendwa zaidi na wenye viwanda, kwa kuwa ni ya bei ndogo na hukauka upesi, hupikwa kwa yurea na kemikali iitwayo fomaldehaidi. Fomaldehaidi hiyo ikiyeyushwa katika maji ndiyo fomalini, dawa inayotumiwa mochari ili maiti isioze. Kila aliyewahi kwenda kumchukua marehemu wake aijua harufu yake na jinsi inavyowasha macho.

Gundi hiyo haiishiki fomaldehaidi yote. Nyingine hubaki huru ndani ya mbao, na gundi yenyewe huvunjika kidogo kidogo kwa unyevu na joto, ikaachilia nyingine tena. Kemikali hiyo hutoka kama gesi isiyoonekana. Hutoka kwa wingi mbao zikiwa mpya, kisha hupungua, lakini huweza kuendelea kwa miezi na miaka. Hutoka zaidi penye joto, na zaidi katika kingo zilizokatwa zisipofunikwa. Sasa fikirini chumba kimoja chini ya mabati, Kisumu au Mombasa, kimejaa kitanda kipya, kabati jipya na rafu mpya, na dirisha limefungwa usiku kwa ajili ya mbu na wezi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hiki kimo kitandani.

Gesi hii huwasha macho, pua na koo, huleta kikohozi, na mwenye pumu humzidishia taabu. Mwaka 1979 wataalamu wa Marekani walianza kutangaza kwamba panya waliovuta gesi hii kwa wingi walipata saratani ya pua. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka fomaldehaidi katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Saratani inayotajwa ni ya sehemu ya nyuma ya pua, na mwaka 2009 shirika hilo liliongeza saratani ya damu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa kipimo cha hewa ya nyumbani: isizidi miligramu 0.1 katika mita moja ya ujazo kwa wastani wa dakika 30.

Hatusemi kwamba kila mwenye kabati atapata saratani. Kusema hivyo ni kutisha watu bure, na chama chetu si cha kutisha watu. Hatari huongezeka kwa wingi wa gesi na urefu wa muda mtu anaoivuta. Kwa hivyo swali ni moja tu: kiasi gani kiruhusiwe, na ni nani wa kukipima?

WENZETU WALIVYOPIGANA

Yafaa mjue kwamba jambo hili halikuanzwa na mabwana wa serikali. Mwezi wa Oktoba 1981 chama cha wafanya kazi wa magari cha Marekani, UAW, pamoja na vyama vingine, kiliiomba serikali ipunguze haraka gesi hii kazini. Kipimo cha wakati huo kiliruhusu sehemu 3 za gesi katika sehemu milioni moja za hewa. Mwezi wa Januari 1982 serikali ilikataa. Vyama vikaenda mahakamani. Mwaka 1987 kipimo kikashushwa hadi sehemu 1. Vyama vikasema haitoshi, vikarudi mahakamani, na mwaka 1989 mahakama ikaiambia serikali iangalie tena. Mwaka 1992 kipimo kikawa sehemu 0.75, na zaidi ya hapo ikaandikwa kwamba mfanya kazi akidhuriwa na gesi hii ahamishiwe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara.

Tazameni hesabu hiyo. Kutoka 1981 hadi 1992 ni miaka 11. Wengine walioanza madai hayo wakiwa vijana walimaliza wana mvi. Lakini walimaliza.

Hata hivyo kipimo hicho kilikuwa cha mahali pa kazi. Mfanya kazi alilindwa kiwandani saa nane, halafu akaenda kulala katika nyumba ambayo kipimo hicho hakikuifuata. Taabu iliyotokea baadaye ilionyesha kwamba mlango mmoja ulikuwa umefungwa na mwingine umeachwa wazi.

Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iitwayo Katrina iliipiga Louisiana na Mississippi. Maelfu ya watu walipoteza nyumba. Serikali ya Marekani, kwa idara yake iitwayo FEMA, iliwapa nyumba za magurudumu za kukokotwa na gari, ambazo ndani yake zilijaa plaiwudi na chipubodi. Mwaka 2006 watu walianza kulia: macho yanawaka, pua zinatoka damu, watoto wanakohoa. Sierra Club, chama cha watetezi wa mazingira, kilipima baadhi ya nyumba hizo na kukuta gesi nyingi. Idara yenyewe ilifanya nini? Mwezi wa Julai 2007 bunge lao lilifungua barua za ndani za idara hiyo, na zikaonyesha kwamba wanasheria wake walishauri nyumba zenye watu zisipimwe, maana wakipima watalazimika kutenda. Walinawa mikono kama Pilato, na watu wamelala ndani.

Nyumba 519 zilipopimwa na idara ya afya, mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa mwaka 2008, wastani ulikuwa sehemu 77 katika bilioni. Nyumba moja ilifika sehemu 590. Mwaka 2012 wenye viwanda na makontrakta walikubali kulipa dola milioni 42.6 kuimaliza kesi ya wakaaji.

Na lisikieni hili, ninyi mnaolala katika nyumba za kazi. Baada ya hayo nyumba zile ziliuzwa kwa mnada, zimebandikwa karatasi ya kusema kwamba hazifai kulalwa na watu. Mwaka 2010 mafuta yalipomwagika katika ghuba ya Mexico, baadhi ya nyumba hizo zilionekana tena, na waliolazwa ndani walikuwa vibarua waliokwenda kusafisha mafuta. Kitu kilichokataliwa kwa raia kilipata nafasi kwa mfanya kazi. Ndivyo ilivyo siku zote pasipokuwa na sheria yenye meno: takataka huteremka ngazi mpaka imfikie mtu wa chini.

SHERIA ILIVYOFANYWA

Jimbo la California halikungoja. Mwezi wa Aprili 2007 bodi yake ya hewa ilipitisha amri juu ya mbao za gundi, ikaanza kufanya kazi mwaka 2009. Mwezi wa Julai 2010 Marekani yote ikapata sheria. Walioipeleka katika Seneti walikuwa wawili wa vyama vinavyopingana, Amy Klobuchar na Mike Crapo. Vipimo ni hivi: plaiwudi ya mti mgumu isizidi sehemu 0.05 katika milioni, chipubodi 0.09, MDF 0.11, na MDF nyembamba 0.13.

Tarakimu peke yake haimlindi mtu. Kinachomlinda ni namna ya kuisimamia, nayo ni hii. Mbao huchukuliwa kiwandani, zikafungiwa ndani ya sanduku kubwa lenye joto na unyevu uliopangwa, na hewa inayotoka humo hupimwa. Kiwanda hujipima mara kwa mara, lakini hakiaminiwi peke yake. Yuko mkaguzi wa nje, asiye mtu wa kiwanda, naye hupima kila robo ya mwaka. Mbao zilizofaulu hupigwa alama, na karatasi zake huzifuata kutoka kiwandani hadi kwa mwenye meli, hadi dukani. Mwenye kutengeneza kabati ni lazima atumie mbao zenye alama, na kabati lenyewe nalo lipate alama.

Sisi watu wa reli twaielewa namna hii upesi. Tangu zamani mkaguzi wa mabehewa hupita na nyundo, akagonga magurudumu na kusikiliza mlio, kabla treni haijaondoka. Hatumpi abiria nyundo. Hatubandiki tangazo dirishani kumwambia abiria ajichagulie behewa lenye breki nzima. Mwenye kukata tiketi amekwisha kulipia usalama wake. Basi kwa nini mwenye kununua kitanda aambiwe ajipimie gesi kwa pua yake?

Tena msidhani sheria ikipita kazi imekwisha. Bunge la Marekani lilitaka kanuni ziwe tayari tarehe 1 Januari 2013 isipite: kanuni zenyewe zilitangazwa Desemba 2016. Serikali iliyofuata ikajaribu kuahirisha siku ya kuanza. Sierra Club na chama cha wananchi wa Louisiana, jimbo lile lile la Katrina, wakaenda mahakamani na kushinda, na kanuni zikaanza tarehe 1 Juni 2018. Sheria isiyosukumwa hulala ofisini, ikafunikwa na faili nyingine.

WANAOPINGA WASEMAVYO

Wa kwanza husema, "Mbao zitapanda bei, na maskini ndiye ataumia." Tumezoea wimbo huu. Huimbwa kila tunapodai kofia za kazi, kila tunapodai buti. Wenye viwanda vya mbao vya Marekani wenyewe waliiunga mkono sheria ya 2010, maana walitaka mbao zitokazo nchi za nje zipimwe kwa kipimo kile kile. Tena njia nyingine zipo. Mtaalamu Kaichang Li wa chuo kikuu cha jimbo la Oregon aliwatazama kome wanavyoshika mwamba baharini bila kung'olewa na mawimbi, akatafuta gundi ya namna hiyo kwa unga wa soya. Kampuni ya Columbia Forest Products ilianza kuitumia katika plaiwudi zaidi ya miaka 15 iliyopita. Ziko na gundi nyingine zisizo na fomaldehaidi, ingawa baadhi yake zina madhara yao kwa anayezichanganya kiwandani, huweza kumletea pumu. Kwa hivyo mfanya kazi asisahauliwe kwa kumlinda mnunuzi. Walindwe wote wawili, maana mara nyingi ni mtu mmoja.

Wa pili husema, "Fomaldehaidi imo katika moshi, imo katika mti wa kawaida, imo hata katika pumzi ya mtu." Ni kweli. Na maji yamo katika mwili wa mtu, lakini mtu huzama. Neno ni kiasi.

Wa tatu husema, "Fungueni madirisha." Hata sisi twasema fungueni, tena twawashauri hapa chini. Lakini kuna chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na kuna baridi ya Limuru mwezi wa Julai. Mwenye nyumba kubwa yenye upepo ndiye apendaye sana shauri hili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wa nne husema, "Mtawaua mafundi wa jua kali." Hapana. Fundi wa jua kali ndiye anayevuta vumbi na gesi hii kutwa nzima, bila kifuniko puani. Vumbi la mbao lenyewe limo katika kundi lile lile la vitu viletavyo saratani. Sheria tunayoitaka haimwendei fundi na pingu. Inakwenda kwa mwenye kiwanda na mwenye kontena, huko gesi inakoanzia.

NA SISI KENYA

Tunaponunua mbao, muuzaji hutueleza urefu, unene na bei. Hatujamsikia hata mmoja akitueleza gesi. Baadhi ya mbao za kutoka nje zina herufi E1 au E2. E1 ni daraja la Ulaya la gesi kidogo, na E2 ni la gesi zaidi. Lakini ni wangapi wanaojua, na nani aliyetufundisha?

Jambo hili sasa lina haraka. Jumuiya ya Ulaya ilipitisha kanuni mwezi wa Julai 2023, ya kwamba fanicha na vitu vya mbao visitoe gesi zaidi ya miligramu 0.062 katika mita moja ya ujazo, na siku iliyowekwa ya kuanza ni 6 Agosti 2026. Sasa mlango wa Marekani una mlinzi na mlango wa Ulaya unawekewa mlinzi mkali. Mbao zitakazokataliwa huko zitatafuta mlango gani? Maji hufuata mkondo, na takataka za biashara hufuata nchi isiyouliza.

Silaha tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya hali nzuri ya kazi. Kifungu cha 42 chatupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 46 champa mnunuzi haki ya kupewa habari za kitu anachonunua na kulindwa afya yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Tena Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 iliweka makato ya asilimia 1.5 katika mshahara wetu. Anayekatwa fedha kujenga nyumba ana haki ya kuuliza milango, kabati na dari za nyumba hizo zimetengenezwa kwa mbao gani.

Kwa hivyo twadai haya:

1. Kiwekwe kipimo cha gesi kwa kila aina ya mbao za gundi, kiwe cha lazima kwa mbao za hapa na za kutoka nje sawasawa. Kama kipimo kimeandikwa katika vitabu vya Shirika la Viwango, na kitoke vitabuni kiende bandarini na madukani.

2. Upimaji ufanywe na mtu asiyelipwa mshahara na mwenye kiwanda, na majibu yatangazwe.

3. Alama ipigwe juu ya mbao na juu ya fanicha, iandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, mtu asome mwenyewe.

4. Adhabu imwendee mwenye kiwanda na mwenye kuleta mbao. Fundi mdogo apewe mafunzo na mbao safi.

5. Mahali pa kukata mbao hizi pawe na mashine ya kuvuta vumbi na hewa chafu, na anayedhurika ahamishwe bila kupoteza senti.

6. Serikali ianze kwake. Shule, mabweni, hospitali, nyumba za wafanya kazi na nyumba za makato ya 1.5 zisipokee ubao hata mmoja usio na alama.

KAZI YENU TANGU LEO

Mkienda dukani, ulizeni kwa sauti mbao ni daraja gani. Muuzaji akiulizwa na mtu mmoja atacheka. Akiulizwa na watu hamsini atampigia simu mwenye kiwanda. Fanicha mpya iacheni mahali pa hewa siku nyingi mwezavyo kabla ya kuiingiza chumba cha kulala, na kingo zilizo wazi zibeni kwa rangi au ukanda, maana hapo ndipo gesi inapopita upesi. Hayo ni maji ya kupoza moto tu, hayauzimi.

Wajumbe wa kamati za usalama, jambo hili litieni katika ajenda ya mkutano ujao. Mtakeni mwajiri alete karatasi ya maelezo ya kila gundi na kila ubao unaokatwa karakanani. Akisema hana, andikeni katika kumbukumbu kwamba amesema hana. Katika mkutano wa tawi tutapiga kura juu ya madai haya sita, kisha yapelekwe makao makuu na kwa wabunge wetu.

Wenzetu wa UAW walitumia miaka 11 kupunguza gesi kiwandani. Wananchi wa Louisiana walitumia miaka 13 tangu tufani hadi kanuni zilipoanza. Sisi hatuna haja ya kungoja tufani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu twauona.

Mkishaisoma karatasi hii mpeni jirani, na asiyejua kusoma msomeeni. Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu,
Wafanya Kazi wa Karakana ya Reli